Vipaleti vya Mvule

Hashim alikuwa na miaka hamsini na mitatu, fundi seremala mwenye jina lake pale Jomvu Kuu, na bado alikuwa akimficha mamake mambo kama mtoto aliyevunja sahani. Na alichoficha safari hii hakikuwa sahani. Lilikuwa jeneza.

Msinitolee macho, ngojeni niwaeleze. Jeneza lenyewe lilikuwa la msikiti wa chini, ule mdogo wa karibu na hori la bahari. Lilikuwa la mbao za mvule, kongwe, limekuwa jeusi kwa mikono ya watu. Na ada yetu mwaijua: maiti hubebwa juu yake hadi kaburini, akishashushwa, jeneza hurudi msikitini likangoja mwingine. Sasa mguu wake mmoja ulioza na mbao mbili zikawa zacheza. Mzee Ahmad, mtunza msikiti, akaona hana haja ya fundi wa mbali na Hashim yupo. Akalipakia kwenye mkokoteni, mchana kweupe, akalileta hadi uani kwa Hashim.

Na ndani ya nyumba hiyo, kwenye chumba chenye dirisha la kutazama ua, alikuwa amelala Bi Mwanamkasi, mamake Hashim, mgonjwa wa miezi minne.

Hebu niambieni, nani mwenye akili zake hupokea jeneza kwenye nyumba ya mgonjwa? Watu wa kwetu hata jina lake hawalitaji mbele ya mtu aliyelala. Hashim alilijua hilo fika. Lakini alimwonea haya Mzee Ahmad, na haya ndiyo iliyomponza. Badala ya kusema, "Mzee, rudi nalo, kwangu kuna mgonjwa," alisema, "Ahsante mzee, liweke hapo, nitalishughulikia kesho." Mzee alipogeuza mgongo tu, Hashim akashika nyundo na mtalimbo, akalibomoa lile jeneza mbiombio. Zile mbao kumi na mbili za kulalia akazichomeka katikati ya lundo la mbao za mapaleti lililoegemea ukuta. Ile miti miwili mirefu ya kubebea akaisukuma mvunguni mwa meza ya kazi. Kisha akatazama dirishani. Pazia lilikuwa limeshuka. Alhamdulillahi, akasema moyoni, hakuona.

Hakumwambia mtu. Hata Kioko hakumwambia.

Kioko alikuwa Mkamba wa Makueni aliyeshuka pwani ujanani, akawa harudi kwao ila Krismasi. Yeye na Hashim walipigilia mapaleti pamoja miaka kumi na saba katika yadi moja huko Changamwe, yale mapaleti makubwa ya kupangia mizigo ya bandarini, mpaka mgongo wa Hashim ukagoma na yadi ikafungwa. Wengine wangekaa barazani kuilaani dunia. Wao walipata mteja wa ajabu. Nadira, mwanamke wa Mkomani, alikuwa akiuza mashamba ya mfano: shamba zima juu ya meza, lina ghala, lina ua, lina trekta, na ng'ombe wa ukubwa wa kokwa ya embe. Kumbe huko ng'ambo kuna watu wazima na ndevu zao wanaonunua vitu hivi na kuvipanga sebuleni, na wanataka kila kitu kiwe sawasawa na cha kweli. Nadira alitaka vipaleti, na vikreti vya kutilia viazi na nyanya. Hashim alipoelezwa mara ya kwanza alicheka hadi akashika mgongo.

"Mimi nimetengeneza mapaleti ya kubeba tani nzima," akasema, "leo nitengeneze ya kubeba sisimizi?"

Akatengeneza, tena akaipenda kazi. Kipaleti kilikuwa na upana wa kisanduku cha kiberiti. Mbao tano juu, tatu chini, na vibao tisa katikati, vilevile kama vya Changamwe. Gundi watia kwa ncha ya kijiti, wabana, wangoja. Ukipiga chafya, kazi yote i chini sakafuni. Kioko na mikono yake minene ndiye aliyekuja kuwa hodari zaidi, na Hashim hakuacha kumtania kwamba alikosea kuzaliwa, angekuwa fundi wa saa.

Basi jeneza lililala lundoni wiki moja, Hashim akisema kesho. Wiki ya pili Nadira akapiga simu. Mbao nyeupe mno, akalalama, zaonekana mpya. Wateja wataka mbao zilizokula chumvi. Hashim alikuwa chumbani akimlisha mamake uji. Akafungua dirisha, akamwambia Kioko kwa sauti, "Tazama kwenye lundo, utafute mbao za zamani!" Akalifunga, akarudi kwenye bakuli. Jeneza halikumpitia kichwani hata kidogo.

Tangu siku hiyo Hashim hakushika msumeno. Mamake alikuwa akizidiwa, na yeye na dadake Salha walipokezana kumkalisha, kumgeuza, kwenda kuchukua dawa. Kazi yote alimwachia Kioko. Wageni walikuja kumzuru mgonjwa, na kila aliyekuja alitoka akifuta machozi, si kwa huzuni, kwa kumstaajabia. Maana Bi Mwanamkasi alikuwa mama wa imani. Alikuwa akiwaambia wote maneno yale yale.

"Mimi niko tayari. Siku yangu ikifika, nipandisheni lile lile alokwenda nalo mume wangu. Wala msinililie sana."

Hashim alijisikia fahari kuwa na mama kama yule. Alimshika mkono akamwapia mbele ya wageni. "Wallahi mama, ni lile lile." Na akaapa vivyo hivyo hali lile lile limevunjwa vipande kumi na vinne na kufichwa nje ya dirisha lake. Jamani, Hashim!

Alhamisi, baada tu ya adhana ya alfajiri, Salha alitoa ukelele uliowaamsha majirani. Hashim aliingia na maji ya udhu bado yakimdondoka ndevuni. Mamake alikuwa ametulia, macho nusu wazi, na mdomo kama mtu aliyetaka kuuliza kitu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Miezi minne ya kungoja, na bado habari ile ilimpiga Hashim kana kwamba mamake alikuwa mzima jana yake, akikuna nazi. Salha ndiye aliyemfumba mama macho.

Maziko yakapangwa baada ya alasiri. Wanawake wakajaa ndani, wanaume wakaenda kuchimba kaburi, na Hashim akakumbuka kiapo chake. Akasema moyoni, saa mbili tu zanitosha kuliunganisha. Akatoka uani na nyundo.

Alitoa mbao moja ya paleti, ya pili, ya kumi. Msonobari, msonobari, msonobari. Akalipangua lundo lote hadi ukuta ukaonekana. Akaanza kulipangua upya lile lile alilokwisha kulipangua. Kijasho chembamba kikamtoka na asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

Kioko akaingia saa mbili, kofia mkononi, macho yamemwiva. "Pole, ndugu yangu. Pole sana."

Hashim hakuitikia pole. "Kioko, hapa palikuwa na mbao za mvule. Kumi na mbili. Nyeusi."

"Si ulisema nitafute za zamani?"

"Ziko wapi?"

Kioko akanyoosha kidole. Kando ya meza palikuwa na katoni tatu zimefungwa kwa utepe, tayari kwenda Mkomani. Hashim akaipasua ya kwanza. Ndani mlikuwa na vipaleti vimepangwa safu kwa safu, vyeusi, vinang'aa, vizuri kuliko vyote walivyowahi kutengeneza. Katoni ya pili, vipaleti. Ya tatu, vikreti. Akakaa chini mchangani.

"Unajua umekata nini wewe?"

"Kitanda cha zamani," Kioko akasema.

"Kitanda! Kitanda gani? Hilo ni jeneza! Jeneza la msikiti, ndilo la kumbebea mama leo!"

Kioko akamtazama asielewe. "Jeneza? Jeneza si huzikwa? Kwetu linaenda na mwenyewe, halirudi nyumbani."

Miaka kumi na saba wamekula sahani moja, na hakuna aliyewahi kumwambia Kioko kwamba jeneza letu hurudi. Kwani nani hukaa akamweleza mwenzake jambo kama hilo? Naye Kioko alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Alitazama vipaleti, akatazama dirisha la chumba cha marehemu, akaonekana kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemwona.

"Ni mimi, Hashim," akasema mwishowe. "Kosa ni langu. Usimtafute mwingine."

Na kabla hawajasema zaidi, hodi hiyo. Mzee Ahmad.

"Poleni wanangu. Mungu awape subira. Nimekuja kulichukua chombo chetu, vijana walioshe."

Hashim angeweza kusema uongo, na nafikiri shetani alimnong'oneza neno moja au mawili. Lakini mamake alikuwa akioshwa nyuma ya ukuta ule, na maji yalikuwa yakisikika. Akachukua kipaleti kimoja, akakiweka katika kiganja cha mzee.

Mzee Ahmad akakigeuza. Akakisogeza machoni. "Hiki ni kitu gani?"

"Ndilo jeneza, mzee."

"Jeneza lipi?"

"La msikiti. Limekatwa lote."

Mzee alicheka kidogo, akidhani ni msiba umemchanganya mwenziwe. Kisha akaona katoni. Akainama, akatia mkono, vipaleti vikamjaa vidoleni. Alivua kofia yake, jambo ambalo Hashim hakuwahi kumwona akilifanya ila kwa kinyozi. Akakaa juu ya kigogo.

"Babangu alikwenda nalo hili," akasema. "Na mke wangu. Na wanangu wawili. La haula! Hashim, waweza kuniambia mke wangu kabebewa kwenye kipande kipi hapa?"

Hashim alilia. Alikuwa hajamlilia mamake bado, akamlilia Mzee Ahmad.

Mzee alipojikusanya alisema mambo ya wakfu yatazungumzwa baada ya maziko, kwa sasa mtu ni wa kusitiriwa. Upande wa Mikindani kuna msikiti wenye jeneza la chuma, wakiombwa wataazima. Hashim akatikisa kichwa. Alikuwa amemwapia mama lile lile, na watu walisikia.

"Nipe hadi alasiri, mzee."

"Hadi alasiri," Mzee Ahmad akasema. "Ikiadhiniwa hujalileta, twenda Mikindani."

Hapo ndipo Hashim alipopata wazo lake. Wangejenga jeneza kwa mbao za mapaleti, mwili wake na miguu yake, na ile miti miwili ya kubebea ilikuwa bado ipo mvunguni mwa meza. Kisha juu yake, pale pa kulazia, angevipanga vipaleti vyote vya mvule, kimoja kando ya kimoja, avigongomelee, atandike mkeka. Mama angelala juu ya mbao zile zile. Kiapo kingetimia, japo vipande vipande.

Kioko alivua shati, akashika msumeno. Na walipoanza, mikono ilikumbuka. Watu waliowahi kupigilia mapaleti hamsini kwa siku hawana haja ya kuelezana; huyu akishika, yule ashapiga msumari. Hashim hakuusikia mgongo wake.

Kufikia saa nane kasoro mwili wa jeneza ulikuwa umesimama. Salha akatoka, ushungi umemlowa, ameshika kitu.

"Kaka, tumekipata hiki chini ya mto wake. Alikuwa amekifunga kwenye pembe ya leso."

Kilikuwa kikreti. Cheusi, cha mvule, hakina kitu ndani. Hashim akakishika akaona uchungu na utamu pamoja. Mskini mama, alikuwa akiipenda kazi yetu hata akalala nayo! Akakitia mfukoni. Kioko aliugeuzia ukuta uso wake.

Hashim akaileta katoni ya kwanza. Akakiweka kipaleti kimoja kwenye pembe ya jeneza, akakisawazisha. Akaweka cha pili. Alipochukua cha tatu, mkono wa Kioko ukamshika kifundo.

"Usiviweke, Hashim."

"Niache, saa zakwenda."

"Usiviweke. Mama hakuvitaka."

Hashim akamtazama. Kioko alikuwa akilia, mtu mzima yule, kamasi zikimtoka.

"Kwetu mtu hamtwiki marehemu kosa lake," akasema. "Na mimi nilimwahidi. Ningenyamaza. Lakini nikikuacha umlaze juu ya hivi, nitakuwa nimemfanyia ubaya. Siku ile uliponiambia nitafute mbao za zamani, ukaenda kuchukua dawa. Mama aliniita dirishani. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia. Akanionyesha kwa kidole: zile nyeusi, hapo katikati, ni kitanda chetu cha zamani, zikate."

"Mama hakujua zipo."

"Alijua, Hashim. Lazima alichungulia paziani siku ulipozificha. Alizijua moja moja. Mimi nikamwambia, mama, mbao ndefu hizi zingefaa meza. Akasema la. Kata vidogo vidogo, hata visiweze kuunganika tena. Na usimwambie Hashim."

Hashim akakiweka chini kile kipaleti cha tatu.

"Kila jioni akiniuliza, zimebaki ngapi?" Kioko akaendelea. "Sita, mama. Nne, mama. Nikadhani anafurahia kazi. Jumapili akaniuliza, nikasema zimeisha. Akasema, zote? Akaniomba kimoja akione. Nikampa kikreti. Akakishika, akacheka kama msichana, akasema, 'Sasa nitalala.' Haki ya Mungu, Hashim, mimi nilijua ni kitanda."

Jumapili. Hashim aliikumbuka Jumapili. Mama alimaliza bakuli zima la uji, akaomba achanwe nywele, na usiku akalala hakugutuka. Yeye na Salha wakatazamana wakasema, amepata nafuu. Kumbe mama yule, wa niko tayari, wa msinililie, alikuwa amelala miezi minne akiogopa. Alikuwa akiogopa peke yake, pazia limeshuka, na mwanawe ameketi kando yake akimsifu kwa wageni. Hakujua. Wallahi hakujua, na alikuwa akimlisha kwa mkono wake.

Aliinama juu ya jeneza. Akakiondoa kipaleti cha kwanza, akakiondoa cha pili, akavirudisha katoni. Kisha akaitazama ile miti miwili ya kubebea, iliyokwisha kuungwa, ambayo kutoka dirishani mama hangeweza kuiona.

"Na hii pia tuitoe," akasema.

"Saa nane hii," Kioko akasema. "Tutabebea nini?"

"Salha ana boriti za kujengea jiko lake. Twaa mbili."

Wakaibomoa miti ya zamani waliyoifunga kwa taabu, wakaunga boriti mpya za mikoko. Wakapiga randa, wakapiga msasa, Hashim akapitisha kiganja kila mahali asiache kibanzi cha kumchoma. Mwadhini alipoanza alasiri, walikuwa wakigonga msumari wa mwisho. Mzee Ahmad alisimama mlangoni. Akalitazama lile jeneza jeupe, linalonuka utomvu, akatazama katoni zilizofungwa, akatazama nyuso zao. Akasema, "Lileteni."

Wakamtoa mama, wakamlaza, wakamfunika. Watu wakajaa njia nzima ya kwenda makaburini. Wengine walinong'onezana, mbona si lile, si alisema lile la mumewe? Hashim aliwasikia, aibu ikamwaka usoni, akanyamaza. Alishika boriti ya mbele upande wa kulia, na Kioko, ambaye hakuna aliyemkataza, akashika ya nyuma. Watu wakipokezana, wao wawili hawakupokewa.

Mama alikuwa mwepesi mno. Mfukoni kile kikreti kilimgonga Hashim pajani kila hatua. Walipopita uani, chini ya lile dirisha, alisogeza uso wake karibu na mbao, asisikiwe na mwingine.

"Usiogope, mama," akasema. "Ni jipya. Halijambeba mtu."